Mtoto Asiyelia

Nilisikia beti zangu kabla sijauona mdomo uliokuwa ukizisoma.

Zilikuja kwa spika, zikipita juu ya mabati ya Tunduma, zikikatwakatwa na honi za malori, zikanikuta nimepanga foleni ya mpakani, upande wa Nakonde, Zambia, bado, begi begani na pasi mkononi.

*Kwaherini ndugu zangu, naiacha Songwe yetu,*
*Naibeba lugha yangu, niipande kwa wenzetu.*

Beti hizo nilizitunga mimi. Nilizitungia kijijini Mbebe, nyuma ya kahawa za babu, nikihesabu mizani kwa vidole. Hakuna mwalimu aliyenifundisha ushairi. Kitabu cha nyimbo za kanisa ndicho kilichonifundisha, kurasa zake zilizochakaa, mpaka sikio likajua lenyewe mahali pa kupumzika.

Na sauti ile niliijua. Ilikuwa ya Hezron.

Anayenikuta leo kwa mara ya kwanza katika safu hii ya gazeti naye asiachwe nyuma. Mimi ni Lusubilo, mtoto wa Atuganile, mzaliwa wa Ileje niliyekulia Tunduma. Mwaka jana nilichaguliwa kwenda kuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja huko Moravia, nchi ya Cheki, kwa mpango wa kubadilishana. Mimi ni Mmoravian wa kubatizwa, nikadhani naenda kwa ndugu. Nilipofika nikauliza kanisa letu liko wapi. Wakaniambia nikawaulize Watanzania.

Nimekwisha kuwasimulia barua ilivyonifuata kule. Ilitoka nyumbani, ina mhuri wa ushirika wetu wa kanisa. Ilisema mashairi ninayofundishia ni uongo mtupu. Ilisema nimewasingizia watu wangu mambo wasiyoyafanya. Ikamalizia kwamba hata Kiswahili chenyewe si lugha yangu ya mama, mimi ni Mndali, na chuo kilitaka mtu aliyezaliwa nacho.

Mimi nilianza kuota ndoto kwa Kiswahili nikiwa darasa la tatu. Kama hiyo si kuzaliwa nacho, sijui watu huzaliwa na nini.

Chuo kikanisimamisha. Aliyekuwa wa pili kwenye usaili akaitwa kuchukua nafasi yangu. Wa pili alikuwa Hezron: jirani yangu, tuliyelala kitanda kimoja shule ya bweni, yeye juu mimi chini. Na kazi ya Hezron ni kuchapa barua za watu kwenye stationari karibu na stendi.

Hesabu ya hapo haikuhitaji niende shule.

Kwa wiki tatu nilizima simu. Sikumwambia mtu wa nyumbani kwamba narudi. Nilipitia Lusaka, nikapanda basi mpaka Nakonde, ili asiwepo wa kunipokea wala wa kunipoza. Nilitaka kufika nikiwa bado wa moto.

Asubuhi ile nikaiwasha simu kwa laini ya Zambia. Baba mdogo, Mzee Eliakim, alikuwa amenitumia ujumbe wa WhatsApp mara kumi na moja. Sikuufungua hata mmoja. Nilichofungua ni barua pepe ya mkuu wa idara, mama mmoja wa Kicheki anayeandika Kiswahili kama anayesoma sheria.

Alisema idara imekaa upya kulijadili suala langu. Kama kabla ya Jumatatu jioni ningeleta ushahidi kutoka nyumbani kwamba niliyoyafundisha ni ya kweli, ningerudi darasani muhula wa pili. Tiketi ya Hezron, ya Jumatano, ingefutwa.

Nilisoma mara tatu. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi.

Sasa niko foleni, na mwizi wangu anasoma shairi langu kwa spika. Mungu akitaka kumpa mtu kisasi, humpa hivyo, na saa yake.

Foleni haikuwa ikisogea. Nikachungulia mbele nijue sababu. Afisa mmoja wa kike wa forodha alikuwa akimsimamisha kila mwanamke mwenye mbeleko. Alikuwa akimwomba kwa adabu ageuke, akafunua kitenge kidogo, akamwangalia mtoto usoni, akamgusa shavu. Mtoto akilia, mama anaruhusiwa kupita.

Nilikumbuka kwamba zamani haikuwa hivyo. Nikadhani ni mambo ya chanjo.

Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akageuka akanitazama, kisha akanitazama tena. Hakuwa na mtoto. Mbeleko yake ilikuwa imekunjwa, ameibeba kwapani.

"Mukwai," akanianza kwa heshima ya Kibemba, "wewe si ndiye yule wa video? Mshairi?"

Nikasimama wima. Huko nilikotoka walinifukuza, huku mpakani nafahamika. Nikamwambia ndiye mimi.

"Ulituimba vizuri sana," akasema. "Sote tumeona."

Nikamshukuru. Hakuitikia. Akatema mate pembeni, karibu na kiatu changu, akarudi kutazama mbele. Nikasema moyoni huyu ana mafua.

Video yenyewe niwaeleze, maana bila hiyo hamtanielewa.

Darasani kwangu walikuwa sita. Siku hiyo tulikuwa na somo la familia: baba, mama, kazi zao. Msichana mmoja anaitwa Zdenka akaniuliza, "Mwalimu, mama yako anafanya kazi gani?" Ningeweza kusema mkulima. Nikaona ni fedheha kumficha mwanamke aliyenisomesha baada ya baba kufa. Nikachukua chaki, nikatunga palepale, wakaandika kila mstari:

*Mama yangu mpakani, mgongoni ana mwana,*
*Mwana kofia kichwani, halii wala kuguna,*
*Kalala usingizini, asubuhi na mchana,*
*Ni sukari si kijana, ndiyo ilonisomesha.*

Waliuliza, nikawafafanulia. Kwamba kina mama wa Tunduma huifunga sukari ya Zambia kwenye mbeleko, wakaivika kofia ya sufi, wakapita nayo mchana kweupe wakiipigapiga mgongo kama mtoto. Wenyewe husema wanabeba mtoto asiyelia. Nikawachorea ubaoni na njia: nyuma ya mashine ya kusaga, kando ya ule ukuta mrefu, mpaka kwenye mfereji. Nikawaambia mama yangu aliipita miaka kumi na mbili.

Walisimama wote sita wakakariri kwa pamoja. Sijawahi kusikia Kiswahili kikiimbwa kwa heshima kama ile. Mkuu wa idara akarekodi, chuo kikaweka mtandaoni, na watu wengi sana wakatazama. Mimi nikaandika chini yake jina la mama yangu, kwa herufi kubwa, ili dunia imjue.

Hiyo ndiyo video. Turudi foleni.

Nilipigiwa mhuri, nikavuka, nikaifuata sauti. Haikuwa mbali. Kwa kina Hezron palikuwa na turubai la bluu, viti vya plastiki, kwaya ya vijana na harufu ya pilau. Hafla ya kumuaga.

Wa kwanza kuniona alikuwa mama yake, Recho. Akashika kifua, akaja mbio, akanikumbatia akiniita baba, akisema afadhali nimekuja, afadhali. Nikasema moyoni, anajua mwanawe alichofanya.

Watu wakageuka mmoja mmoja kunitazama. Hezron akasimama pale mbele na kipaza sauti chake. Alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu. Shati langu. Nilimwachia siku naondoka, kwa sababu lake lilikuwa limechanika na alikuwa na usaili mwingine.

Akataka kuja kunisalimia. Nikamwonyesha kwa kiganja akae.

Hapakuwa na haja ya kuomba nafasi ya kusema. Kwetu Ileje nafasi hiyo ipo, na wazee wetu waliohamia mjini walihama nayo. Mtu akisafiri safari ndefu, baada ya sala mzee husimama na kikombe cha maji akauliza: nani ana neno na msafiri? Mwenye kinyongo hukipokea kikombe, hulisema neno lake mbele ya watu, kisha hutia maji mdomoni akayapuliza chini. Hapo kinyongo kimetoka. Asiyesema, kinyongo chake humfuata msafiri kikamfanya augue ugenini.

Lakini kikombe kile kina makali mawili. Linalosemwa kikiwa mkononi ni kiapo. Halirudi.

Mwenye kikombe siku hiyo alikuwa Mzee Eliakim, baba yangu mdogo, mzee wa kanisa. Aliponiona uso wake ulibadilika. Akaanza sala, akairefusha, akaombea mvua, mahindi ya Itaka na wagonjwa wote anaowajua. Ilikuwa sala ya mtu asiyetaka kufika mwisho. Hata hivyo amina ilifika.

Akauliza kwa sauti ndogo, akitazama upande usio wangu, nani ana neno.

Nikainuka.

"Lusubilo," akasema, "wewe umetoka safari. Pumzika kwanza. Neno lako tutalisikia ndani."

"Baba mdogo, kikombe hakina ndani."

Wazee wawili wakatikisa vichwa kukubali. Ni kweli hakina. Akanipa. Vidole vyake vilikataa kukiachia, nikavuta.

Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka ulimi hunikauka. Niliwaomba wenye simu wanirekodi. Niliwaambia kuna watu wazito ng'ambo wanaosubiri kunisikia. Simu zikainuka, sita, saba, kumi.

Nikamgeukia Hezron, nikamshushia niliyoyatunga ndani ya basi kutoka Lusaka:

*Kiti changu umekaa, na joto langu li humo,*
*Shati langu umevaa, jasho langu ndani limo,*
*Barua ukaitwaa, ukanichimbia shimo,*
*Leo mimi simo humo, chungulia ujione.*

Nikaitoa barua mfukoni, nakala niliyopewa na chuo, imekunjwa mpaka imelainika kama kitambaa. Nikamuuliza mbele ya mama yake, mbele ya kwaya: aliichapa yeye au hakuichapa?

Hezron alimtazama Mzee Eliakim. Kisha akatazama kule nyuma ya nyumba wanakopikia. Kisha akatazama chini.

"Niliichapa," akasema.

Recho akaficha uso kwa kanga. Mimi nilihisi kitu kitamu kikinishuka kooni kama asali. Wanaosema kisasi ni kichungu hawajakionja kikiwa cha moto. Ningeweza kuishia hapo. Ningepuliza maji, nikaondoka na ushindi wangu, na yote yanayofuata yasingekuwepo.

Lakini nilikuwa na barua pepe mfukoni, na Jumatatu inakuja. Nilitaka ushahidi.

Nikakiinua kikombe usawa wa kamera za watu. Nikasema taratibu, kila neno na mizani yake.

"Mimi, Lusubilo, nikiwa nimeshika maji haya, naapa kwamba barua hii ni uongo. Kila nilichokiimba darasani kule ni kweli. Mama yangu Atuganile amebeba sukari kuvuka mpaka huu miaka kumi na mbili, kwa njia ile ile niliyoichora, na sioni haya. Kama nadanganya, maji haya yanikabe."

Nikanywa funda. Hayakunikaba. Nikatia funda la pili mdomoni, nikalipuliza chini.

Nilingoja makofi.

Hapakuwa na makofi. Mtu mmoja alikohoa. Mwanakwaya mmoja wa kike akashusha simu yake taratibu, akamnong'oneza jirani, naye akashusha ya kwake. Wengine hawakushusha. Recho alikuwa amekaa chini kabisa, kwenye vumbi, na kanga yake nzuri, akisema, "Yesu wangu, Yesu wangu," kama anayehesabu.

Bado nilidhani ni aibu ya mwanawe.

Mzee Eliakim akaninyang'anya kikombe, akanishika mkono juu ya kiwiko kama anavyoshikwa mlevi, akanipeleka nyuma ya nyumba.

Mama yangu alikuwa huko. Sikujua. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya beseni la ndizi, anamenya. Spika ilikuwa imefungwa kwenye nguzo, hatua nne kutoka kichwani pake. Alikuwa amelisikia kila neno.

Alikuwa amekonda. Hakuinuka. Alimaliza ndizi aliyokuwa nayo, akaitumbukiza kwenye maji, akachukua nyingine.

"Umemaliza?" akaniuliza.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba. Nikaanza kumwambia kwamba nimemshinda, kwamba Hezron amekiri kwa mdomo wake. Baba mdogo akanikatiza. Alisema Hezron aliichapa, ndiyo. Lakini aliyekaa kwenye kile kiti cha plastiki pale stationari akamtajia maneno alikuwa yeye, Eliakim, na mhuri aliutoa mfukoni mwake mwenyewe, na Mungu atamhukumu. Na aliyekaa kiti cha pili alikuwa mama yangu.

Nikacheka. Mtu hucheka vitu vya ajabu.

Hapo wakanieleza, yeye na mama wakipokezana. Yule aliyenisomesha kwa mbeleko alikuwa hajawahi kukamatwa katika miaka yote ile. Video ilipofika kwenye magrupu ya Tunduma, watu waliicheka siku mbili, siku ya tatu forodha wakaanza kugusa mashavu ya watoto. Njia ile nyuma ya mashine ya kusaga ikawekewa mlinzi. Wanawake kumi na tisa wakabaki bila kazi. Na mama yangu, ambaye jina lake lilikuwa chini ya video kwa herufi kubwa, alisimamishwa Jumanne moja asubuhi na mzigo mgongoni.

Alishtakiwa, akatoka kwa dhamana. Akajitetea kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza, sukari ya arusi ya mtoto wa jirani. Mara ya kwanza ina faini na onyo. Mazoea ya miaka kumi na mbili yana jela. Upande wa mashtaka wakaleta video.

"Tukasema tuwaandikie kule chuoni waiondoe," akasema baba mdogo. "Tuwaambie ni uongo wa washairi. Hata ile ya lugha ya mama niliiongeza mimi, ili wasiuamini hata ubeti mmoja. Hatukujua kwamba wangekuondoa na wewe."

Nikauliza kwa nini hawakuniambia.

"Mwanzo sikutaka kukutia hofu. Ulipoondolewa nikakupigia," akasema mama. "Nikakuandikia kwa simu ya huyu. Ulikuwa umezima."

Ujumbe mara kumi na moja.

Walipoona nimefukuzwa, wakili wao wa msaada wa kisheria aliwaambia msiba huo una faida yake. Chuo chenyewe kimemsimamisha mwalimu kwa uongo. Hakimu ataona shairi si ushahidi. Kilichobaki ilikuwa kukaa kimya mpaka kesi isikilizwe.

"Lini?" nikauliza.

"Jumatatu. Saa tatu asubuhi."

Nyuma yangu mtu alisimama. Alikuwa Hezron. Alikuwa amelivua shati, amebaki na fulana, na shati lilikuwa mkononi mwake limekunjwa vizuri. Akaliweka juu ya begi langu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema pale mbele. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake.

"Ningesemaje, Lusu? Niseme mama yako ndiye aliyeniambia niandike? Pale mbele ya watu, na simu zao?"

Nikasema, kwa sababu nilihitaji kosa lake hata moja dogo, kwamba alikuwa amesoma shairi langu.

Baba mdogo ndiye aliyejibu. Alisema kabla ya kusoma Hezron aliwaambia watu shairi ni la ndugu yake Lusubilo, ambaye angekuwa hapa kama dunia ingekuwa na haki. Nilikuwa bado foleni. Spika ilikuwa haijanifikia. Hata ile nafasi, Hezron alikuwa ameikataa mara mbili, na mama yangu ndiye aliyekwenda kumwomba aichukue, ili isiende kwa mgeni.

Nilimtazama Hezron, na nawaambieni ukweli, maana ndio ulionileta gazetini: bado nilimchukia. Nilimchukia zaidi. Mtu uliyembebea kisasi kutoka Ulaya anapokuwa hana kosa, kile kisasi hukiweki chini kirahisi. Mikono imekwisha kukizoea.

Shimo nililomwimbia lilikuwa palepale. Nikachungulia. Mimi ndiye niliyekuwemo.

"Imefika," akasema Hezron. Alikuwa ameinamia simu yake. "Ile ya kikombe. Iko kwenye grupu la mtaa. Yule afisa wa forodha naye yumo humo."

Mama akaendelea kumenya. Maganda yalikuwa yakianguka mahali pamoja.

Nikamweleza kuhusu barua pepe, kwa sababu nilikuwa nimeazimia kutomficha kitu tena, na labda kwa sababu nilitaka anihurumie. Nikamwambia kwamba ushahidi wanaoutaka kule, ninao. Watu kumi wamenirekodi. Nikiutuma, narudi darasani kwa wale sita. Nikiutuma, yeye hana tena utetezi mbele ya hakimu.

"Mimi sikuombi kitu," akasema.

Baba mdogo akasema kwa uchungu kwamba hata nikitaka kuombwa, nimekwisha kuapa juu ya maji. Mbele ya wazee. Atakayeapa hivi leo na kusema vile keshokutwa, nani wa kwetu atamwamini tena, hata akisema jua limetoka? Hatatunga tena. Hatafundisha. Hata binti hataposa. Na mahakamani nako kuna Biblia ya kushika.

Alikuwa akinitajia bei, naye akiwa mzee wa kanisa aliyegonga mhuri kwenye uongo.

Mama akaweka kisu chini kwa mara ya kwanza. Akafuta mikono kwa kanga.

"Kabla ya sukari nilikuwa nakubeba wewe," akasema. "Njia ile ile. Nikienda kuuza mchele Nakonde. Wewe ulikuwa unalia, baba. Unalia mpaka Zambia. Askari wakasema, mama pita, pita na huyo kelele." Akatabasamu kidogo, si kwangu, kwa yule mtoto. "Nilipoanza sukari niliona raha. Huyu halii, nikasema. Huyu hatanisumbua."

Kule mbele mtu aliwasha spika tena, kwaya ikaanza wimbo, labda ili kutufunika.

Mimi sijawahi kumpigia mtu magoti. Hata kipaimara niliinama nusu. Siku ile niliyapiga, kwenye maganda ya ndizi, mbele ya Hezron. Maji ya kuapia sikuyagusa. Nilikuwa nimekwisha kuyaharibu. Nikamshika mama mikono yote miwili, imelowa, ina weusi wa utomvu wa ndizi.

"Mama, Jumatatu nitafika pale kabla yako. Nitasimama mbele ya hakimu, na mbele ya kila aliyenisikia leo, niseme kwamba mwanao ni mwongo, tangu ubeti wake wa kwanza."